Kuzima si Kukata

Katika kitivo chetu tunapenda kubishana juu ya majina ya vitu. Tuseme tarakilishi au kompyuta? Tuseme asansere kama tunavyosema hapa Lubumbashi, au lifti kama wanavyosema Dar es Salaam na Nairobi? Mabishano hayo yana ladha yake, nami nimeyafurahia mara nyingi tukiwa tunamsubiri mwalimu mlangoni. Lakini tangu likizo iliyopita nimebadili mawazo. Naona tunazilinda nomino kwa nguvu zote na kuviacha vitenzi bila mchungaji. Katika kazi ya mikono, jina baya humchelewesha mtu tu. Kitenzi kibaya kinaweza kumuua. Nasema hivyo kwa sababu tafsiri niliyoiandika mimi ilikaribia kumuua kijana mmoja.

Baba yangu mdogo ni fundi umeme. Ana atelye ndogo hapa Kasomeno, na vijana watatu wanajifunza kazi kwake. Likizo hiyo alipata kazi ya asansere ya jengo la ghorofa tatu. Ilikuwa asansere ya haidroliki, ile isiyovutwa na kamba za chuma kutoka juu bali inayosukumwa na mafuta kutoka chini. Mitambo ya zamani ya kuwashia mota ilikuwa imechakaa. Mwenye jengo alikuwa amenunua kifaa kipya, kile kinachoitwa kwa Kifaransa démarreur progressif, na ambacho mafundi wa Afrika Mashariki wanakiita softi stata. Karatasi za maelezo zilikuwa za Kifaransa. Vijana wale wanasoma Kifaransa, lakini polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Baba mdogo akaniambia: "Mwanangu, wewe unasomea Kiswahili. Tuandikie karatasi hii kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, tuubandike ukutani." Nikakubali kwa furaha. Nilijiona nimepata mahali pa kuonyesha elimu yangu.

Ili wasomaji wanielewe, sina budi kueleza kidogo jinsi mashine hii inavyofanya kazi.

Chini ya jengo kuna tangi la mafuta. Ndani ya tangi, mara nyingi katikati ya mafuta yenyewe, kuna mota ya umeme iliyoshikana na pampu. Asansere inapopanda, mota inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye silinda, na pistoni inainua chumba cha watu. Asansere inaposhuka, mota haifanyi kazi yoyote: vali inafunguka, na uzito wa chumba chenyewe unarudisha mafuta kwenye tangi. Kwa hiyo kila safari ya kupanda ni kuwasha mota upya, na katika jengo lenye watu wengi hilo hutokea makumi ya mara kwa saa moja.

Kuwasha mota si jambo dogo. Mota ya kilowati 11 inayotumia volti 400 hula takriban ampea 22 katika mwendo wa kawaida. Lakini ikiwashwa ghafla, kwa muda mfupi huvuta mara 6 hadi 8 ya hizo. Taa za jengo zinafifia, kinga zinaruka, waya dhaifu zinapata joto. Katika mji ambamo umeme wa jioni tayari ni mchovu, mshtuko huo unaweza kutosha kuangusha jengo zima gizani. Njia ya zamani ya kuupunguza ni ile ambayo mafundi wetu wote wanaijua kwa jina la étoile-triangle, yaani nyota na pembetatu. Koili tatu za mota zinaunganishwa kwanza kwa umbo la nyota, mota inaanza kwa theluthi moja ya mkondo ule wa mshtuko, kisha kontakta zinabadilisha muunganisho kuwa pembetatu. Kwa ajili hiyo waya sita zinakwenda kwenye mota. Kifaa kipya hakibadilishi umbo. Ndani yake kuna thairista, swichi zisizo na sehemu inayosogea, nazo zinaachia volti kidogo kidogo mpaka zitimie. Mota inaamka kama mtu aliyeguswa bega, si kama aliyemwagiwa maji.

Kuna namna mbili za kukiunga kifaa hiki. Kwa namna ya kwanza, kinakaa kwenye waya tatu zinazokwenda kwa mota, na ndani ya kisanduku cha mota vipande vya shaba, ambavyo mafundi wetu wanaviita barete, vinafunga pembetatu. Kwa namna ya pili, kinaingia ndani ya pembetatu yenyewe, kila koili ikiwa na thairista zake. Namna hii inatumia waya sita zilezile za zamani, na kifaa kinabeba asilimia 58 tu ya mkondo, yaani takriban ampea 13 badala ya 22. Kwa hiyo kifaa kidogo cha bei nafuu kinatosha. Barete zote lazima zitolewe, maana zikibaki huku waya sita zimeungwa, umeme utapita kutoka fezi moja hadi nyingine bila kizuizi. Mwenye jengo alikuwa amenunua kifaa kidogo. Basi tukawa katika namna ya pili.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Katika namna ya pili, ncha moja ya kila koili imeshikwa na fezi moja kwa moja, bila kupitia kwenye kifaa. Thairista zikizuia, mkondo hautembei na mota inanyamaza. Lakini ncha zote sita bado zina umeme. Mota imesimama, iko kimya kama jiwe, na anayegusa ncha zake anagusa volti 230 kati ya fezi na ardhi, au 400 kati ya fezi na fezi. Hata katika namna ya kwanza mtu asidanganyike: thairista inazuia mkondo, haitenganishi waya kama swichi inavyotenganisha. Tena baadhi ya vifaa hivi hudhibiti fezi mbili tu, na ya tatu inapita hadi kwenye mota bila kuguswa.

Karatasi ya Kifaransa ilijua hayo, ndiyo maana ilitumia maneno mawili tofauti. Mahali pamoja iliandika arrêt: mtu abonyeze kitufe, mota isimame. Mahali pengine iliandika mise hors tension: umeme uondolewe kabisa kabla mtu hajafungua kisanduku. Mimi, msomi wa lugha, niliandika kitenzi kimoja mahali pote pawili. "Bonyeza kitufe chekundu ili kuzima mota." Na chini yake: "Kabla ya kufungua kisanduku, hakikisha mota imezimwa."

Kwa masikio yangu maneno hayo yalikuwa mazuri: mafupi, sanifu, bila Kifaransa hata kidogo. Na lazima nikiri jambo lingine. Jioni mbili nzima zilipita nikitafuta jina la kifaa. Niliandika kianzishi, nikafuta. Nikaandika kiamshi, nikafuta. Mwishowe nikachagua kiwashio pole, nikafurahi. Kitenzi zima nilikiandika bila kuinua kichwa.

Siku ya majaribio, tangi lilikuwa limeletwa atelye na waya zimeungwa. Mota ilivuma kwa sauti isiyopendeza. Kijana mmoja, aliye mwangalifu kuliko wenzake, alidhani ncha moja haikukazwa vizuri. Alisoma karatasi ukutani. Akabonyeza kitufe chekundu. Akasikiliza. Mota ikanyamaza. Akaangalia tena karatasi: mota imezimwa, ndiyo. Akachukua bisibisi, akafungua kisanduku, akanyosha mkono. Baba mdogo alipiga kelele moja tu: "Acha!" Kisha akasogea na kipimo chake, akaweka ncha moja kwenye mota na nyingine kwenye bati la tangi. Kipimo kilionyesha volti 230. Akageuka, akanionyesha. "Mwanangu," akasema, "hii ndiyo zima yako?"

Kijana yule hakuwa mzembe. Alifuata maandishi yangu neno kwa neno, na mzembe nilikuwa mimi. Niliibandua karatasi ukutani, nikaenda kukaa nje.

Nikiwa nje nilifikiri juu ya kitenzi hicho. Kuzima ni kitenzi cha moto na taa. Moto uliozimwa haupo tena, limebaki jivu. Taa iliyozimwa haiwaki, limebaki giza. Kitenzi hiki humwambia msikilizaji kwamba jambo limekwisha. Kwa hiyo mtu anayesoma kwamba mota imezimwa ana haki ya kuamini kwamba hakuna kitu kilichobaki ndani yake. Kosa halikuwa la lugha, maana Kiswahili kina vitenzi vyote vilivyohitajika. Kusimamisha kunahusu mwendo. Kukata kunahusu njia ya umeme. Kufunga kunahusu swichi isiguswe na mwingine. Kupima kunahusu kupata uhakika. Mama yeyote wa Lubumbashi anajua tofauti hiyo bila kwenda chuo. Akiwa ameketi gizani hasemi taa zimezimwa. Anasema kuran haiko, au wamekata kuran. Taa iliyozimwa anainuka na kuiwasha. Umeme uliokatwa, anatafuta mshumaa. Nyumbani tunatofautisha kila jioni, na tukishika kalamu tunasahau.

Niliandika karatasi upya, na safari hii nilianza na vitenzi. Simamisha mota kwa kitufe chekundu. Kata umeme kwa swichi kuu. Funga swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Fungua kisanduku, usiguse kitu. Pima ncha zote sita. Kipimo kikishaonyesha sifuri kila mahali, ndipo utie mkono.

Nilipokuwa nikiandika hayo niligundua makosa mengine mawili katika karatasi ya kwanza. Nayataja kwa sababu yote mawili ni mambo tunayofundishwa darasani.

La kwanza linahusu kiambishi. Asansere hii inapoanza kupanda, mafuta kwanza yanazunguka bure na kurudi tangini, ili mota ianze bila mzigo. Mota ikiwa imefikia mwendo kamili, kifaa kinatoa ishara, vali inapewa umeme, na hapo mafuta yanakwenda kwenye silinda. Mpangilio huo una sababu. Nguvu ya mota ya kuzungusha inafuata mraba wa volti: ukiipa nusu ya volti, unapata robo tu ya nguvu. Mzigo ukija mapema, wakati volti bado ni ndogo, mota inaweza kushindwa kuzunguka, inanguruma mahali pamoja, inapata joto, na kinga inakata. Mimi nilikuwa nimeandika: "Mota ikianza, vali ipewe umeme." Kumbe ilipasa kuandika: "Mota ikishafikia mwendo kamili, vali ipewe umeme." Kati ya -ki- na -kisha- kuna sekunde chache tu, na katika sekunde hizo mota inaweza kuungua. Kiambishi -ki- kinamwambia fundi kwamba mambo mawili yanaweza kwenda pamoja. -kisha- kinamwambia asubiri la kwanza litimie. Katika mtihani wa sarufi nilieleza tofauti hiyo vizuri sana. Tena hapa mjini hatuhitaji hata mtihani: mtu aliyealikwa mezani akijibu "nimeisha kula", hakuna anayefikiri kwamba bado anatafuna.

La pili linahusu ngeli. Niliandika: "Ikisimama, subiri kabla ya kuigusa." Ni ipi hiyo? Mota, pampu, vali, asansere, kontakta, fezi: karibu kila neno la umeme tulilolipokea kutoka nje limeingia katika ngeli moja, na yote yanabeba i- ileile. Katika hadithi msomaji anajua anayezungumziwa. Katika mashine yenye vitu kumi vya i-, hajui. Na katika asansere ya haidroliki jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu chumba kinaposhuka mota imesimama. Anayesoma "ikisimama" na kufikiria mota anaweza kuingia shimoni wakati chumba kiko juu yake, kinateremka. Dawa ni rahisi, ingawa haipendezi masikioni: rudia jina kila mara. "Asansere ikisimama." "Mota ikisimama." Walimu wetu wa insha wanatufundisha kuepuka kurudia neno. Ni ushauri mzuri kwa insha. Kwa karatasi ya ukutani ni hatari.

Kwa nini basi tunakuwa wavivu wa vitenzi? Nina wazo langu, na walimu watanikosoa. Kiswahili cha kazi katika mji huu kilikua kama lugha ya kuamriwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa 1910, na mwaka 1911 tanuru la shaba la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Wafanyakazi walitoka sehemu nyingi wakiwa na lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwakusanya. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, alionyesha katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni jinsi vitabu vidogo vya maneno vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu vilivyoegemea mahitaji ya kuamuru na kusimamia. Umeme nao ulikuja hivyohivyo. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na maneno ya kazi hiyo yakafika yakiwa ya Kifaransa, yakasikika kabla ya kusomwa.

Sasa, amri ya mdomo inavumilia kitenzi kilegevu. Bwana mkubwa akisema "Zima!" huku ananyosha kidole kwenye swichi kuu, hakuna anayekosea, kwa sababu kidole kimesema kilichobaki. Karatasi ya ukutani haina kidole. Kila kitu ambacho kidole kilikuwa kinasema lazima sasa kisemwe na kitenzi, na kiambishi, na jina lililorudiwa. Tumerithi Kiswahili cha kazi ambacho kilikuwa na mtu amesimama pembeni. Tukikihamishia kwenye karatasi bila kukitengeneza, tunamwacha msomaji peke yake na mashine.

Hiyo si aibu ya Kiswahili chetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika hapa mjini, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Elisabethville kama walivyoiona watumishi wa nyumbani. Wale walioamriwa kwa Kiswahili walikitumia kueleza mambo marefu, kwa niaba yao wenyewe. Lugha iliyoweza kubeba kumbukumbu hiyo inaweza kubeba karatasi ya mota.

Najua nitapingwa, na nimekwisha kusikia hoja tatu.

Ya kwanza inasema: Kifaransa kinatosha, ndicho lugha ya vitabu vya ufundi na mitihani. Ni kweli kwamba karatasi ya Kifaransa ilikuwa sahihi kuliko yangu. Lakini katika atelye zetu Kifaransa kinasomwa na Kiswahili kinaelezwa. Mkubwa anasoma, anageuka, anawaambia vijana kwa Kiswahili. Tafsiri inafanyika kila siku, kwa mdomo, kwa haraka, na hakuna anayeikagua. Hatuchagui kati ya kutafsiri na kutotafsiri. Tunachagua kati ya tafsiri iliyofikiriwa na tafsiri ya kubahatisha.

Ya pili inasema: tutatumia Kiswahili kipi? Kile bora cha shule au kile cha mji? Hapo naomba tuache ukaidi. Majina yabaki kama mafundi wanavyoyatamka. Barete ni barete. Shaba ni yetu, jina la Kifaransa halitaiharibu. Kamusi za istilahi, kama ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, zina faida kubwa kwa mwanafunzi. Lakini orodha ya istilahi haiwezi kumwambia kijana nini kitangulie na nini kifuate. Vitenzi tunavyovihitaji, simamisha, kata, funga, pima, vinajulikana Kasomeno kama vinavyojulikana Mombasa. Kwenye vitenzi, Kiswahili cha shule na cha mji vinakutana.

Ya tatu inasema: hiyo ni kazi ya mainjinia. Nusu yake ni kazi yao. Injinia anajua kwamba thairista iliyozuia si waya uliokatwa, mimi sikujua. Lakini huenda hajawahi kuwaza kwamba -ki- na -kisha- si kitu kimoja kwa msomaji, au kwamba i- inabeba mashine nzima. Hilo ndilo tunalolijua sisi. Kosa langu lilitokea kwa sababu nilifanya kazi peke yangu usiku, na kamusi, bila fundi pembeni.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili na wa tafsiri, kabla ya kumaliza, akae siku kumi katika atelye, gereji, zahanati au jiko la hoteli, akiwa na daftari. Asikusanye majina. Akusanye vitenzi: watu wanasema nini wanapoanza, wanaposubiri, wanapokoma, wanapohakikisha. Pili, kila tafsiri ya maelezo ya kazi itakayopewa alama katika kitivo iandikwe na watu wawili, mmoja wetu na mmoja anayeijua kazi yenyewe. Wenzetu wa Polytechnique hawako mbali. Tatu, tafsiri hiyo isipewe alama na mwalimu peke yake. Apewe mtu ambaye hajaona matini ya asili, aisome, afanye kazi inayosemwa, umeme ukiwa umekatwa. Mwalimu aangalie mikono yake. Mkono ukienda mahali pasipofaa, tafsiri imeanguka, hata kama sarufi yake haina doa. Yangu ilikuwa haina doa.

Nimesikia mwenzangu mmoja akisema kwamba hayo yatatushusha, kutoka fasihi hadi bisibisi. Sioni hivyo. Mshairi anayepima kila mizani na fundi anayepima kila ncha wana adabu moja: hawakubali kitu kwa sababu kinasikika vizuri. Tukikosea katika shairi, tutachekwa. Tukikosea kwenye karatasi ya mota, kuna mama atakayepelekewa habari.

Karatasi ya pili bado iko ukutani. Asansere inapanda na kushuka, na kijana yule yuko kazini. Siku hizi ananisalimia kwa kuniuliza kama nimeshapima. Wiki iliyopita nilipita kumsalimu baba mdogo, nikaona mtu ameshika kalamu akafuta kiwashio pole changu, akaandika juu yake "demarere". Vitenzi havikuguswa. Nilisoma ukurasa wote tena kuanzia juu mpaka chini, nikauacha hivyo ulivyo.